Ufa Uliopita Chini ya Mawe Mekundu

Kwanza niwatoe wasiwasi wale ambao bado mnanitazama kwa jicho la pembeni: sikupata dhahabu. Miaka yote niliyozunguka na nyundo mkononi na mfuko wa mawe begani, Juba nzima iliamini natafuta dhahabu, na hata leo nikitoka hapa Nyakuron kwenda kununua sukari, hakosi kijana wa kuniuliza, nusu mzaha nusu kweli, nilizika wapi. Sikuzika kitu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta nyufa za ardhi, zile kubwa zinazoleta matetemeko, na kusema kila ufa ukichanika utachanika mpaka wapi. Utajiri wake mnauona kwenye paa langu. Lakini fahari yake siwezi kuificha na leo sitajaribu, kwa hiyo asiyependa kusikia mtu mzima akijisifu aende zake mapema.

Nilirudi baada ya Mkataba wa Amani, ule tuliouita CPA kana kwamba ni jina la jirani. Nilikuwa nimelelewa Kenya, nimesomea miamba huko, nina watoto wawili na vyeti vya kutosha kufunika meza. Nilijiona nimekuja kuiokoa nchi. Ofisi niliyopangiwa ilikuwa kontena la bati lililokaa juani, lenye feni ambayo ilizunguka tu ukiisukuma kwa rula, na ndani ya kontena hilo alikuwa amekaa Ustaz Wani.

Ustaz Wani alikuwa mwanajiolojia wa zamani ambaye hakuwahi kukimbia. Vita vyote alikuwa Juba, mji umezingirwa, yeye anapima visima na kuandika majina ya mawe. Lugha yake ilikuwa Kiarabu cha Juba. Kiswahili alikiokota kwa wafanyabiashara, akakitumia bila kukihurumia. Siku ya kwanza alitazama vyeti vyangu, akavirudisha, kisha akatazama miguu yangu.

"Ya biniya," akaniambia, yaani wewe msichana, ingawa nilikuwa mama wa watu, "wewe umesoma sana. Lakini kiatu yako iko safi. Hiyo mbaya."

Nilikasirika mpaka mchana. Baadaye nilielewa kwamba hiyo ilikuwa ndiyo karibu yake.

Somo lake la kwanza alinipa Hai Jalaba, mbele ya duka la vitambaa. Alinunua kipande cha marekani, akanipa nikipasue. Nikavuta kwa mikono miwili, nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, hakikupasuka. Akakichukua, akakiuma kidogo ukingoni, akavuta kama mtu anayefungua bahasha. Kikachanika moja kwa moja hadi mwisho. Mwenye duka akatoka kuangalia ni nani anaharibu nguo mlangoni kwake.

"Asma," Ustaz akasema, na kwake neno hilo la kusikiliza lilikuwa kama kengele ya shule. "Ardhi haipasuki yote mara moja. Inaanza mahali moja, kidogo sakit, kidogo tu, halafu inakimbia. Kazi yako ni kuuliza swali moja. Ikianza, itasimama wapi?"

Kisha akaingia kwa fundi wa cherehani wa pale pale, akaomba vile vipande viunganishwe, sehemu moja kwa mshono mmoja mwepesi, nyingine kwa mshono uliokunjwa mara kadhaa. Fundi alidhani tuna wazimu lakini alishona. Tulipochana tena, mchaniko ulivuka mshono mwepesi bila hata kupunguza mwendo. Ulipofika kwenye mshono mnene ulikwama.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nimekifaulu kwenye mtihani bila kukielewa. Urefu wa mchaniko ndio hasa unaoamua ukubwa wa tetemeko. Ufa mfupi ukichanika, vikombe vinagongana kabatini na watu wanapata hadithi ya kusimulia. Ufa mrefu ukichanika wote kwa mkupuo mmoja, mji unaweza kulala chini. Na nyufa ndefu mara nyingi huwa vipande vilivyopangana, vyenye mapengo kati yake. Pengo likiwa dogo, mchaniko huliruka ukaendelea na kipande cha mbele. Likiwa pana, mara nyingi hukwama hapo. Kwa hiyo mtu wa kazi hii analala na kuamka na mapengo.

Jambo jingine ambalo vijana hamlijui: wanaoumia zaidi si lazima wawe wale walio karibu na mahali ufa ulipoanzia. Mmeshapanga foleni ya maji lori la tangi linapofika. Aliye nyuma anasukuma kidogo, wa mbele yake naye anasukuma kidogo, na yule wa mbele kabisa aliyebanwa kwenye bomba ndiye anayebeba uzito wa watu wote. Mji ulio mbele ya mchaniko unaokimbia ni yule wa kwenye bomba. Halafu kuna udongo: mchanga laini wa kando ya mto hutikisika vibaya kuliko mwamba wa kule mlimani Jebel. Ukiuliza nyumba yako iko salama kiasi gani, mtu wa mawe anayejua kazi atakuuliza haya yote kabla hajakujibu. Akikujibu haraka, mkimbie yeye kwanza.

Sasa niwape kituko. Kuna lile tetemeko kubwa la wakati wa vita, ambalo wazee wenu wanalikumbuka, watu wakalala nje kwa sababu likiisha moja linakuja jingine. Mimi nilikuwa Kenya. Ustaz alinituma nizunguke mitaa niulize lilitoka upande gani. Nikarudi na kichwa kinaniuma. Kila mtu alinyoosha mkono upande wake, kwa uhakika kabisa, na walio jirani hawakukubaliana. Ustaz alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe umeuliza juu ya vita," akasema. "Watu walidhani ni mizinga. Kila mtu ameonyesha mahali mizinga ilikuwa inatoka kwa yeye."

Ilikuwa kweli. Walipohisi ardhi inaruka walijitupa kwenye mahandaki, na masikioni mwao lile tetemeko lilitoka mahali walipozoea kuogopa. Basi akanirudisha mitaani kuuliza swali jingine: kitu gani kilianguka, kikalalia upande gani? Mambo yakanyooka mara moja. Mtu anaweza asijue hofu yake ilitoka wapi, lakini sijawahi kuona mwanamke aliyesahau kabati la vyombo vyake lilianguka upande gani. Mkienda kuuliza watu, ulizeni juu ya vyombo.

Na sasa nifike Gurei, pembezoni mwa mji, maana huko ndiko kulikuwa na jambo lenyewe.

Kliniki moja ya kanisa ilitaka kujenga wadi ya wazazi, ghorofa mbili, na mhandisi wao alituomba tuangalie ardhi. Mashimo ya majaribio yalikuwa yamechimbwa. Nikaingia shimoni, nikachukua udongo, nikauweka kati ya meno ya mbele. Msicheke. Hivyo ndivyo udongo unavyosomwa. Ukisikia chenga, hiyo ni changarawe iliyosagika tu. Ukiwa laini kama siagi, ni mfinyanzi. Na ndani ya ufa mkubwa utakuta kitu hicho laini, kwa sababu mwamba mgumu umesuguana na mwamba mwenzake tangu zamani za kale mpaka ukawa unga. Meno yanajua kabla ya maabara.

Basi niko shimoni natafuna, kina mama wa soko dogo la jirani wamekusanyika juu. Wanawake wetu wakiwa na mimba hula udongo, hilo mnalijua. Mmoja akanishushia kijiwe laini cha kahawia, kizuri kuliko udongo wangu, akaniambia nisile uchafu wa shimoni. Nilipokuwa namshukuru ikasikika sauti nyingine.

"Mimba yako iko na miezi ngapi?"

Nikainua macho. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye aproni nyeupe na mikono mipana. Huyo alikuwa Mama Rebeka, mkunga mkuu wa kliniki, aliyekimbilia Uganda vita vilipozidi na kurudi na Kiswahili cha huko.

"Sina mimba, Mama."

"Wote wanasema hivyo. Udongo ya hapa iko na minyoo. Toka kwa shimo nikupime damu."

Ilinichukua muda kumweleza. Aliponielewa hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka kwenye veranda ya kliniki. Wanawake walikuwa wamelala pale chini, kwenye mikeka, mmoja anaugua uchungu uso umegeukia ukutani, mwingine ananyonyesha, na kati yao ndoo na birika na watoto wakubwa waliowafuata mama zao. Mvua ikinyesha, aliniambia, anawasogeza ukutani mmoja mmoja, na aliye pembeni analowa.

"Mimi iko na mwaka mzima nangoja hii wadi," akasema. "Mhandisi anasema lazima watu ya mawe waseme kwanza. Kumbe watu ya mawe ni wewe. Basi sema upesi."

Nilimpenda hapo hapo, nikamwogopa pia.

Ramani yetu ya ufa mkubwa ulio jirani na Juba ilikuwa karibu kwisha. Ufa wenyewe unapita kusini-mashariki ya mji, upande wa barabara ya Nimule, na tulikuwa tumeufuata kiangazi chote mimi, Ustaz na Taban. Taban alikuwa dereva wetu, kijana aliyekulia kambini Uganda, mwenye imani kubwa kwa honi yake. Kazi ya honi ilikuwa kutuzuia sisi kufa. Miaka ile kando ya barabara bado kulikuwa na mabomu ya ardhini, na wategua mabomu walipanga mawe yaliyopakwa rangi: upande mweupe salama, upande mwekundu kifo. Sasa fikirieni mtu ambaye maisha yake yote mkono unamwasha akiona jiwe, umpeleke mahali ambapo mawe yamepangwa mistari kwa mistari na asiguse hata moja. Nikiinama tu, honi.

"Madam, mguu iko kwa nyeupe tu," Taban alikuwa akiniambia kila asubuhi. "Kule kwa nyekundu hata mkojo hapana."

Ustaz naye alikuwa na sheria yake, na ilikuwa nzito kuliko mawe yote: mahali hajakanyaga hachori. Aliwahi kuona, zamani, watu wa ofisini wakichora mistari wakiwa wamekaa kwenye viti, kisima kikachimbwa kwenye mstari huo, kikatoka vumbi, na kijiji kikahama. Tangu hapo akaapa. Alikuwa anachora ufa kwa kalamu ya risasi palepale aliposimama juu yake, akifika mahali pasipopitika anainua kalamu, anaishusha tena ng'ambo. Niliheshimu sana sheria hiyo. Ninaiheshimu hata leo.

Ramani ilipokamilika ilionyesha ufa uliokatika vipande vifupi, na kati ya vipande mapengo mapana. Mnakumbuka mshono uliokunjwa. Mchaniko ungekwama, tukasema, na matetemeko ya upande ule yangekuwa madogo. Mhandisi wa kliniki alipewa jibu: jengeni ghorofa mbili za kawaida. Mama Rebeka alinitumia mbuzi. Sitii chumvi, mbuzi mzima, amefungwa kamba nyekundu shingoni.

Ilikuwa siku chache baadaye. Kabla ya kwenda porini ilitulazimu kupita kwa wategua mabomu, watuonyeshe ni wapi pamefunguliwa na ni wapi bado. Meza yao ilikuwa ndogo na imejaa vikombe vya chai, nikakosa pa kuweka ramani yangu, nikaikunjua juu ya ramani yao. Yangu ilikuwa ya karatasi nyepesi inayoonyesha cha chini. Taban akashika pembe zisijikunje. Nikatazama.

Pale ufa wetu ulipoishia, ndipo wekundu wao ulipoanzia. Wekundu ulipokwisha, ufa ukaanza tena. Pengo la kwanza hivyo, la pili hivyo, yote hivyo.

"Madam, chai inapoa," Taban akasema.

"Taban, ufa unaogopa mabomu?"

Akafikiri kwa heshima, kwa sababu alikuwa mtu wa heshima. "Hapana, Madam. Ufa iko chini, bomu iko juu. Hawa hawajuani."

Hakuna mji mwingine ninaoujua ambao ungefanya kosa la namna hiyo. Hatukuwa wavivu wala wajinga. Tulikuwa waangalifu, tukataka kurudi nyumbani na miguu miwili, na uangalifu wetu ukaenda kukaa kwenye ramani ukijifanya ni mwamba. Labda ule ufa ulikuwa mmoja, mrefu, usio na mshono popote. Na kule Gurei nondo zilikuwa tayari zinakatwa.

Nilimkuta Ustaz kontenani anakula ful, yale maharage yake ya kila siku. Nikamtandikia ramani zote mbili mbele ya sahani. Alitazama kwa muda mrefu, akaelewa kila kitu, akasukuma sahani pembeni.

"Mahali sijakanyaga, sichori. Kalas, imekwisha."

"Ustaz, sikuambii uchore ufa. Lakini pale ulipoinua kalamu kwa uaminifu, mtu mwingine anasoma kwamba hakuna kitu."

"Mimi sikusema hakuna."

"Karatasi imesema. Karatasi nyeupe inasema hakuna. Tuchore basi kwamba hatujafika. Tupake kijivu, mistari ya kijivu, kila mahali ambapo miguu yetu haikuingia, ili asiyejua ajue kwamba hatujui."

Nilikuwa nimepandisha sauti kwa mtu aliyenizidi umri kwa kiasi cha kuwa baba yangu. Aliosha mikono, akachukua kofia yake, akatoka bila kuniaga. Nilikaa pale nikisukuma feni kwa rula, nina hakika kazi imekwisha. Asubuhi iliyofuata alikuja mapema kuliko mimi. Nilimkuta ananoa kalamu ya kijivu.

"Leta hiyo ramani yako, ya biniya," akasema. "Na ful ya jana wewe utalipa."

Ile mistari ya kijivu bado inatumika. Mkiiona kwenye ramani za leo, ikimaanisha hapa bado hatujaingia, mjue ilizaliwa kwenye kontena la bati baada ya ugomvi, na mama yake ni mimi. Niliwaambia nitajisifu.

Lakini kijivu hakimjengei mtu wadi. Mama Rebeka alitaka ndiyo au hapana, na mvua zilikuwa zinakaribia. Kwa bahati, wategua mabomu walikuwa wanafungua njia nyembamba kwenye moja ya mapengo yetu, kuwapeleka wanakijiji waliorudi hadi kwenye kijito chao cha zamani. Tukaomba tuingie ikifunguliwa. Tulipoitwa, tuliingia mmoja nyuma ya mwingine, mtegua mabomu mbele, Ustaz, halafu mimi, mawe mekundu kushoto na kulia. Njia yenyewe ilikuwa na upana wa mlango. Taban alibaki barabarani na mkono kwenye honi.

Udongo pale ulikuwa mwekundu, uliokwanguliwa vizuri na wale wategua mabomu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Mwekundu, mwekundu, mwekundu. Nikaanza kufikiri kwamba pengo ni pengo kweli, na kwamba nimemtukana mzee bure. Kisha, kabla tu ya kijito, ukageuka kijivu chenye ukijani, hatua kadhaa, halafu mwekundu tena.

Nikapiga magoti. Nikachukua kidogo, nikaweka kati ya meno. Mtegua mabomu akageuka akanitazama kwa uso wa mtu ambaye amekuwa akiwaokoa watu na mauti ya kila aina lakini hii hakuitarajia. Ulikuwa laini. Hapakuwa na chenga hata moja.

Ustaz alishuka taratibu kwenye magoti yake mabovu, akapata bapa la mwamba lililotokeza ukingoni, akapitisha kiganja juu yake. Jaribuni siku moja: mwamba uliosuguliwa na ufa ni laini ukipapasa kuelekea upande mmoja, na unakwaruza ukirudi. Akapapasa kwenda, akapapasa kurudi. Akachukua kiganja changu akakiweka pale pale, nikasikia ule mkwaruzo. Alitoa ramani kifuani, akaikunjua juu ya goti lake, na badala ya kuchora akanipa kalamu.

"Wewe umekanyaga," akasema. "Chora."

Nilichora nikilia. Siku hiyo nilikuwa na furaha ambayo hata harusi yangu haikuifikia, na mume wangu, ambaye ni mtu mwema, ameshanisamehe kwa kusema hivyo. Tulipotoka tukaenda moja kwa moja Gurei, na matope ya kijivu bado magotini.

Mama Rebeka alikuwa amesimama juu ya rundo la nondo akiwahesabia mafundi. Nikamwambia habari yote bila kuipamba. Ufa unaendelea chini ya mabomu. Pengo lile si pengo, na baada ya kuona lile siwezi kuyaamini mengine. Tetemeko la upande ule linaweza kuwa kubwa. Nondo alizokuwa nazo zingetosha ghorofa mbili za kawaida, au nyumba moja ya chini yenye nguzo nene, zile ringi za chuma zinazozungushia nondo zimefungwa karibu karibu, na mkanda wa zege umezunguka ukuta wote.

"Mama Keji," akaniambia, akitumia jina la mtoto wangu, na sauti yake ilikuwa chini, "wanawake yangu iko kwa veranda. Wewe unaniambia nijenge nusu?"

"Nakuambia ujenge moja isiyoanguka."

"Na tetemeko ikikosa kuja mpaka mimi nizeeke?"

"Basi utakuwa umejenga nusu bure, na utanilaumu mpaka tuzeeke wote."

"Nitakulaumu kweli."

Akashuka kutoka juu ya rundo la nondo, akakaa ukingoni mwake. Mafundi wakajifanya wana kazi mahali pengine. Akaanza kunisimulia lile tetemeko la wakati wa vita, alipokuwa nesi msichana hapa Juba. Wadi nzima ilikimbia, madaktari na wagonjwa. Mwanamke mmoja alikuwa katikati ya kujifungua, hakuweza kukimbia. Yeye alibaki naye.

"Si ati mimi ni shujaa," akasema. "Yeye alikuwa ameshika mkono yangu, hakuachilia. Nilitaka kukimbia sana." Akanigeukia. "Wewe niambie kitu moja tu. Hii ufa ikichanika yote, mimi iko na dakika ngapi kutoa mama kama huyo nje?"

Ningeweza kumpa maneno mengi. "Huna hata moja," nikamwambia.

Akainuka, akapangusa aproni, akamwita fundi mkuu. "Tunajenga ya chini," akamwambia. "Ringi karibu karibu. Mimi mwenyewe nitapima na vidole."

Na alipima. Kila asubuhi kabla ya kuwaangalia wazazi alipita kwenye kila nguzo na vidole vyake, na ringi iliyokaa mbali na mwenzake kuliko alivyotaka ilifunguliwa ikafungwa upya. Msimu ule wa mvua, hata wadi ilipofunguliwa, wanawake wengi walilowa kwenye veranda ambao ghorofa ya juu ingewakinga. Alinionyesha kila nilipopita, hakunificha hata mmoja.

Kiangazi kilichofuata wadi ilikuwa imejaa. Nilikwenda alasiri moja kumsalimia, nikawa nimekaa kwenye benchi la jengo la zamani nikingoja apate nafasi. Ardhi ikagonga mara moja, kama mtu aliye chini ya sakafu, kisha ikaanza kuyumba. Mimi niliyefundisha watu wazima nini cha kufanya, nilijikuta katikati ya uwanja na kiatu kimoja. Jengo la zamani lilijimwaga lote nje: manesi, wagonjwa wenye chupa za maji ya dawa mkononi, mpishi na mwiko wake. Plasta ilidondoka kwenye veranda. Ikatulia.

Kutoka wadi ya wazazi hakutoka mtu.

Watu walianza kupiga kelele kwamba la pili linakuja. Walikuwa na haki ya kuogopa, na mimi nilijua sababu kuliko wote pale uwanjani: kipande kimoja kikichanika hukiongezea mzigo kipande cha jirani, na la pili linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Nikakimbilia mlangoni nikidhani wamenaswa. Mlango ulikuwa wazi. Kuta zilikuwa nzima, hata vumbi hapakuwa nalo. Wanawake walikuwa wamekaa vitandani wameshikilia watoto wao, wananitazama, na kule mwisho Mama Rebeka alikuwa ameinama juu ya mwanamke anayejifungua.

"Mama Rebeka, toka nje," nikamwita. "Linaweza kurudi."

Hakugeuka. "Huyu anasukuma. Sisi hatutoki."

"Nakwambia linaweza kurudi kubwa."

Hapo ndipo aliponitazama, mara moja tu, kutoka kwenye kile kiatu kimoja mpaka usoni.

"Hii nguzo ni wewe ulisema," akaniambia. "Unaiamini ama huiamini?"

Nje walikuwa wananiita kwa jina nirudi uwanjani. Chini ya miguu yangu ardhi ikaanza tena. Nikaingia, nikaenda mpaka kitandani, na Mama Rebeka akaniambia nishike mguu wa kushoto wa yule mama.